Ke au Me

Mwezi wa kumi, Pawaga. Jua limekaa juu ya bati la zahanati
kama mdai asiyetaka kiti.
Natoka zamu ya usiku. Kwenye rejesta nimeandika
KE, ME, KE.
KE ya mwisho ni ya Tulizo Mhavile, binti wa tano.
Hakuuliza uzito. Hakuuliza kwa nini halii.
"Ni nini?" basi.
Nikamwambia. Akageukia ukuta.
Mama mkwe alikuwa mlangoni na chupa ya uji,
akasema, wala si kwa kunong'ona: "Tumbo lake lina baridi."

Lusungu, binamu yangu, ananingoja ng'ambo ya mfereji wa mpunga,
ana daftari, ana kipimajoto chenye uzi mrefu.
"Twende," anasema, "nikuonyeshe leba nyingine."

Ruaha imekonda. Tunakanyaga palipokuwa na maji.
Kidimbwini macho mawili, hayapepesi.
"Huyo ndiye mama. Sema polepole."
Anashusha uzi mchangani. Tunasubiri.
Kusubiri ninakujua.

"Mayai arobaini na moja humu. Hamna jike, hamna dume. Bado.
Baba alishakwenda zake, hana neno la kuongeza.
Mchanga ndio utakaosema.
Ukipoa, nyuzi thelathini na kidogo: majike.
Ukipanda, thelathini na mbili, na tatu: madume wengi.
Ukizidi sana: majike tena, kwa wale ambao hawajaiva.
Na si siku zote. Ni wiki chache za katikati.
Kama ugali, dada: kabla ya hapo unaongeza maji,
baada ya hapo unakula ulichopika."

Thelathini na tano na pointi mbili.
Anaandika, hasemi.
Kisha ananionyesha kisiki kwa kidevu.
Mkuyu. Mwaka juzi kivuli, mwaka jana mkaa.
Na gunia lile nalijua, nililinunua mwenyewe,
nikachemshia mikasi ya kukatia vitovu.

Mimi nilizaliwa Mufindi, mwezi wa saba,
sakitu imeunguza chai mpaka bondeni.
Baba alitoka nje, akatazama ule weupe, akasema
baridi hii ndiyo imeleta binti,
akaniita Sakitu. Jina ninalo, halijayeyuka.
Baadaye nikasoma darasani: kwetu sisi neno hulitoa baba.
Nimewaeleza akina baba, mmoja mmoja, nje ya mlango wa leba.
Wanacheka. Wananipa pole ya kazi. Wanaondoka.

Nimezamisha mkono mchangani mpaka kiwiko.
Joto la paji la mtoto mwenye homa.
Nikavua kitenge nikifunike kile kiota,
Lusungu akanishika: "Sisi tunapima tu."
Yule mama akasogea, urefu wa mkono mmoja.
Tukaondoka bila kuagana naye.

Jioni nikampima mtoto wa Tulizo kwapani:
thelathini na sita na nusu.
"Hata ningekupikia kitanda hiki," nikamwambia,
"angetoka huyuhuyu."
Hakunijibu. Ila alisogeza shuka
kidogo, uso wa mtoto upate hewa.

Desemba, mvua ya kwanza, simu ya Lusungu saa tisa usiku.
Haongei. Ameielekeza simu kwenye mchanga kutoka juu ya ukingo,
nami nasikia sauti ndogo ndogo, nyingi,
zinalia kutoka ndani ya maganda.
"Majike?" nauliza. "Wangapi?"
"Nyamaza, Sakitu."
Mama yao amefika. Anafukua.
Anawachukua mdomoni, mmoja mmoja, anawapeleka majini.

Yeye hajauliza.